Maneno ya Mwisho ya Ambrose Thirkettle

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotutoka pale hospitalini Norwich, asubuhi ya mvua, baada ya kuomba unyolewe kwanza. Ulisema mtu hatokei mbele za watu na kidevu cha jana.

Kuna asubuhi bado tunasikia harufu ya ile poda yako ya jukwaani ngazini, na hakuna aliyepita.

Sinema ilikuita ukiwa na mvi tayari, baada ya miaka thelathini ya jukwaa. Siku ya kwanza ulitamka maneno yako kwa sauti ya kufika safu ya nyuma kabisa, kule juu, na fundi wa sauti akavua vifaa vyake masikioni.

"Mzee wangu, kipaza sauti kiko hapo juu ya kichwa chako. Unamwita nani, mtu aliye mji wa mbali, Ipswich?"

"Namwambia aliyekaa nyuma," ukamjibu. "Naye kaja na masikio yake."

Ukajifunza kunong'ona. Katika filamu ishirini na sita uliigiza mtumishi wa nyumba za matajiri: ulifungua milango, ukapokea kofia za mabwana, ukatangaza kwamba chakula kiko tayari. Siku moja kwenye stesheni ya treni bwana usiyemjua alikukabidhi koti lake bila kufikiri, nawe ukalipokea na kulipangusa mabega. Tulicheka wiki nzima.

Lakini mwiko wa jukwaani hukuuacha. Maneno ya mwisho ya mchezo hayatamkwi katika mazoezi. Huwekwa mpaka watazamaji wawepo, la sivyo mkosi unaingia. Waongozaji wa filamu walikukasirikia, nawe ukawatazama tu, mdomo umefungwa. Hata hadithi za kutulaza ulizikatisha kabla ya sentensi ya mwisho. Mwanao Clement alifika miaka tisa hajui yule mbweha wa hadithi yako alipona au la.

Ndiyo maana siku ile Mama alipokushika mkono na kusema, "Niage basi, Ambrose," ulitabasamu. "Hayo tuyaache kwanza, Hester. Haya bado ni mazoezi." Ukalala, na hukuamka tena.

Tuseme kweli, Baba: jambo hilo lilimuumiza. Alikununia majira yote ya baridi, na kiti chako akakigeuzia ukutani.

Mwezi huu filamu yako ya nyumba yenye saa nyingi za ukutani imerudi katika sinema ya mtaani kwetu, ile ambayo maneno ya mwisho kabisa ni yako. Mama alikwenda alasiri tatu, na mara zote alitoka kabla hujayasema.

"Unatoka kama mtu anayekimbia sahani ya sadaka," Clement akamtania.

"Akishayasema, yamekwisha," Mama akajibu. "Nitabaki na nini?"

Jana tulikwenda naye sote. Ulipoanza kufunga madirisha kwenye filamu, taa mkononi, alichukua mkoba wake akainuka. Alikuwa amefika mlangoni, nyuma ya safu ya mwisho, pale wewe ulipoinua kichwa. Hukumtazama bibi wa nyumba ile. Ulitazama mbali, juu ya vichwa vyetu sote, na ukasema kwa sauti yako ya zamani, ile ya kufika nyuma kabisa:

"Lala salama, bibi. Milango nitaifunga mimi."

Mama akasimama na mkono mlangoni.

"Haya, mume wangu," akasema, na watu wakageuka. "Nawe lala."

Alirudi nyumbani kwa miguu, hataki kushikwa mkono. Kabla ya chai alikigeuza kiti chako kikatazama moto.

Tunaokukumbuka ni mkeo Hester, wanao Muriel na Clement, na dada yako Beattie, ambaye bado anaukausha mkia wa samaki wa moshi kama ulivyoupenda. Taa ziwake au zizimwe, Baba, daima tutakukumbuka.