Salamu ya Mwalimu wa Mlima

Jumapili, 8 Septemba 2024

Baba mkwe amehamia kwetu. Papa Josaphat mwenyewe, na sanduku lake, na kitabu chake cha nyimbo cha Kimetodisti, na mkono wa kulia unaoning'inia tu tangu alipopooza mwezi wa saba. Anayemfanyisha mazoezi ya mkono yuko hapa mjini, na kutoka kwake kambini, Base ya Kamina, kila siku kwa pikipiki kungemmaliza. Phébé aliamua. Mimi nani nimkataze mke wangu kumtunza baba yake?

Lakini sebule ni moja! Miaka tisa ya ndoa, sijawahi kukaa na mzee huyu sisi wawili tu. Ukwe ni ukwe. Simtangulizii mkono, siketi kwenye kiti chake, sili mbele yake. Juu ya hayo mimi ni mtu wa Kasai, si wa huku. Nilipokwenda kuposa hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema tuombe. Hadi leo hajatamka jina langu. Ananiita "bwana ya Phébé".

Jumatano, 11 Septemba

Mama Ariane wa mazoezi alimpa Papa mpira laini, aufinye mara mia kwa siku. Papa aliutupa — kwa mkono wa kushoto. "Siko mutoto, minyi!" Miaka ishirini alifundisha karate watoto wa askari kule Base. Mpaka sasa watu njiani wanamwita Maître, mwalimu.

Mama Ariane alimwambia Phébé pembeni: vidole visipoamka ndani ya miezi hii mitatu, basi tena. Phébé alilia jikoni. Mimi nilisimama na sahani mkononi kama mjinga.

Jumamosi, 14 Septemba

Aibu. Mwalimu wa jiografia, miaka thelathini na minane, nimekamatwa na baba mkwe nikicheza pleistesheni!

Nilidhani amelala. Nilikuwa kwenye mchezo wangu wa safari, ule wa shujaa anayezunguka nchi nzima akipigana na kuongeza nguvu. Nilimpa jina Champion, zamani, nilipokuwa sina akili. Basi nimefika chini ya ule mlima wenye shule ya karate. Juu anakaa mzee mmoja, Mwalimu wa Mlima. Hakuna anayelazimishwa kupigana naye. Unaweza kumpita na kumaliza mchezo wote bila kumwona. Nami nilikuwa nikimpita, maana hunishinda kila mara. Nyuma yangu kiti kikalia.

— Ule iko nani?

Nilieleza nimesimama, macho chini. Kwamba anaishi peke yake, kwamba si lazima. Papa alinyoosha mkono wa kushoto. Anataka manette, kile kidude cha kuchezea.

— Kama haiko lazima, njo vizuri. Tupande.

Jumanne, 17 Septemba

Papa amepigwa mlimani mara kumi na moja.

Kabla ya pambano yule Mwalimu huinama, kusalimu. Vijana wote wa Kamina wanaijua dawa yake: mpige wakati ameinama, nusu ya uhai wake inakwenda. Nilimwambia Papa, nikidhani ninamsaidia. Alinitazama kama mtu aliyenikuta na mkono ndani ya sadaka.

— Anakusalimia, na weye unamupiga? Ile iko karate ya namna gani?

Amegundua kitufe kinachomfanya shujaa ainame. Miaka yote sikujua kina kazi gani. Mwalimu anainama, Champion wetu anainama. Halafu anapigwa vibaya sana! Kitufe chenyewe kiko upande wa kulia. Papa anakibonyeza kwa kusukuma kiganja kizima, jasho linamtoka. Ule mpira wa Mama Ariane uko chini ya kabati.

Jumapili, 22 Septemba

Tumetoka kanisani. Phébé alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Papa alikuwa na manette mapajani, hachezi.

— Ile mwaka ya nonante-trois, ulikuwa na miaka ngapi?

Mwaka wa tisini na tatu, sisi watu wa Kasai tulipofukuzwa huku: miaka tisa hakuna aliyeniuliza hilo katika ukoo huu. Nikasema saba. Nikasema tuliondoka kwa treni, hapa hapa, na mama, na mfuko mmoja wa mahindi. Baba alifuata baadaye.

Aliigeuza manette mapajani. Kisha, bila kunitazama:

— Minyi nilikuwa ku gare, ku treni. Batoto benye nilifundisha balikuwa mu wagon. Baliniita: Maître! Maître! Bantu balikuwa bananiangalia. Niliogopa. Sikusalimia ata mumoja.

Akawasha mchezo. Mwalimu akainama. Papa akainamisha shujaa, na safari hii akakaa hivyo mpaka Mwalimu akaanza kumpiga.

— Nkashama, letea minyi maji.

Nkashama! Nilikwenda jikoni nikamwaga nusu ya maji njiani.

Alhamisi, 26 Septemba

Kidole gumba kimeamka! Mama Ariane alimshika, akamwambia kunja, kikakunjika. Akauliza umefanya mazoezi gani, Maître? Papa akasema: salamu tu. Asubuhi alifunga mwenyewe vifungo viwili vya shati. Phébé alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

Jioni alimfikisha Mwalimu wa Mlima kwenye uzi mwembamba wa uhai. Mmoja tu! Pigo moja! Akaanguka yeye. Akacheka, mara ya kwanza tangu aje. "Nkashama, uliona? Uliona?" Niliona, Papa. Tumekula meza moja leo, na hakuna aliyekumbuka kwamba ni mwiko.

Jumatano, 2 Oktoba

Nimefanya ubaya.

Papa na Phébé walikuwa kwa Mama Ariane. Sikuwa na darasa. Betri ya sola ilikuwa imejaa. Nikasema nijaribu mara moja, nione kama yule mzee anashindika kweli. Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma: nilitaka kushinda pale baba mkwe anaposhindwa. Hilo tu. Wivu wa kitoto.

Akainama. Nikampiga akiwa ameinama.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya dakika mbili. Alianguka, akatoweka. Shujaa akapewa mkanda mweusi. Na mchezo ukajihifadhi wenyewe, juu ya ule wa zamani — kadi yetu ina nafasi moja tu. Nimepanda tena mlimani mara nne. Mkeka upo. Kikombe chake kipo. Yeye hayupo, na harudi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Siku ya pili ninadanganya. Jana Papa aliuliza, "Courant iko?" Nikasema betri imekufa. Leo nikasema bado imekufa. Akakaa na shati lake jeupe mbele ya televisheni iliyozimwa, akibonyeza jalada la kitabu cha nyimbo kwa kidole gumba. Tuk. Anasubiri. Tuk. Ili kidole kisilale tena, anasema.

Nimemwambia Phébé. Nilidhani atacheka, ni mchezo tu. Hakucheka. Nikamwomba aende kwa niaba yangu, awe mdomo wangu, ndivyo watu wanavyofanya.

— Weye njo ulimupiga, weye njo utaenda. Na mu bukwe hauombe pardon mukono mutupu. Tafuta kuku.

Nikauliza, asipompokea huyo kuku je? Akasema: akimpokea, imekwisha. Asipompokea, basi utakuwa mgeni hapa mpaka Papa azikwe. Akaendelea kuchambua mboga.

Jumapili, 6 Oktoba

Nilimleta kuku baada ya ibada. Jike jeupe, miguu imefungwa. Nikamweka mlangoni pa sebule, nikakaa chini, sakafuni, kama inavyotakiwa. Maneno niliyoyapanga usiku yalikimbia yote. Nikawasha tu mchezo, nikampa manette.

Alipanda mlima. Akaingia. Mkeka, kikombe. Akazunguka chumba chote, kona kwa kona, kama mtu anayetafuta miwani. Kisha akasimama pale pale anaposimama siku zote, akabonyeza kitufe. Kwa kidole gumba, vizuri kabisa. Champion akainama mbele ya chumba kitupu.

— Ulimupiga wakati gani?

— Akiinama, Papa.

Nilisema nasikitika. Nilisema ilikuwa wivu, na betri haikufa, nilidanganya. Nilisema nisamehe. Alimtazama kuku. Hakumgusa, wala hakusema mwondoe.

— Nimesikia, bwana ya Phébé.

Ningependa anipige.

Sasa ni saa tisa alasiri, ninaandika hapa mezani. Phébé amekwenda kwa shangazi yake. Papa hajaondoka kwenye kiti. Amefuta kila kitu — Champion, mkanda mweusi, saa zangu zote za miaka yote — hakuniuliza. Ameanza mchezo upya, chini kabisa, kijijini, huko ambako shujaa hana hata viatu. Ni wiki tatu kabla ya kuuona mlima, tukienda haraka.

Mchezo unauliza jina la shujaa. Herufi zimepangwa safu safu, unazichagua moja moja kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ameuweka chini ya paja, ameukalia.

Ameandika N. Ameandika K. Akakosea, akafuta, akaanza tena. N. K. A.

Kuku bado yuko mlangoni, miguu imefungwa. Kidole cha Papa kinaipita S, kinarudi, kinaipita tena. Ananitazama, anatazama manette. Simsaidii.