Siku ya Tano, Siku ya Sita

Lamu, 21 Aprili 1960

Kwa Mama yangu, Bi Kazija binti Khatib, Kiuyu.

Assalaam alaykum. Nakuuliza hali yako, hali ya Siti na ya nyumba nzima. Mimi ni mzima wa mwili, na hapa Lamu niko kwa watu wema. Mama, kaa kitako kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Jaribu hatunaye.

Tuliondoka Jumatatu kama ulivyotuona, mashua imejaa samaki wetu wakavu, ng'onda wa kwenda kuuza Mombasa. Siku ya pili, Pemba tumeshaiacha na Mombasa hatujaiona, ikaja mvua na upepo mkali. Mlingoti ukakatika, msukani ukang'oka, mtungi wa maji ukapasuka. Mkondo ukatuchukua kaskazini. Hatukuwa na la kufanya ila kukaa na kutazamana.

Siku ya tano, Ijumaa, Jaribu akafa kwa kiu na homa. Alitoa shahada. Nilimwosha kwa maji ya bahari, nikamkafini kwa kanzu yake ya Siku Kuu, nikamsalia, nikamzika majini. Siku ya sita jahazi lililotoka Kismayu likaniokota.

Mpe Siti mkono wa tanzia.

Mwanao,
Ngwali

Kiuyu, 30 Mei 1960

Kwa mwanangu Ngwali.

Waalaykumu salaam. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu kwa lililokuja. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu nilizofundishwa chuoni, maana sitaki mtu mwingine aingie kati yetu.

Khitma tumesoma. Watu walikuja mpaka wa Fundo na wa Chake Chake. Siti ameingia eda, amejifungia chumbani kwangu. Mimi nazungukazunguka uani nikitafuta kitu cha kushika. Namshukuru Mungu kuwa mwanangu ameoshwa na amesaliwa. Hilo ndilo linalonilaza.

Njoo, mwanangu. Tangu mama yako alipofariki ulikula sahani moja na Jaribu, mkawa mnagombea ukoko. Sasa umebaki wewe. Njoo ukae mbele yangu uniambie mwenyewe: alisema nini mwisho? Aliniulizia?

Mama yako,
Kazija

Tanga, 14 Agosti 1960

Kwa Mama.

Assalaam alaykum. Vipi hali yako, vipi miguu, vipi Siti? Mimi sijambo. Nisamehe kwa kuchelewa, barua yako ilinifuata huku Tanga. Nimepata kazi bandarini, tunapakia marobota ya katani.

Kuja siwezi kwa sasa. Kazi ni mpya na msimamizi wetu hatoi ruhusa.

Umeuliza alisema nini. Alikutaja, Mama. Alisema usilie sana.

Nimedhoofu kidogo. Kuna jambo linanipata hapa bandarini. Mtu akisimama kule mbali akapunga mkono kumwita mwenziwe, mimi huangusha mzigo. Juzi nusura nimvunje mtu mguu. Wenzangu wanacheka, wanasema nina shetani wa Kipemba.

Mwanao,
Ngwali

Kiuyu, 9 Oktoba 1960

Kwa mwanangu Ngwali.

Waalaykumu salaam. Miguu yangu inauma lakini inatembea. Siti amemaliza eda, ametoka. Pandu, yule fundi seremala, ameleta posa kwa heshima, nami nimemwambia Siti akubali, kijana hawezi kukaa hivi.

Ngwali, sitaki ugomvi. Lakini juzi nilifungua mlango wa chumba cha Jaribu, tulichokifunga tangu khitma, nifagie kabla hawajaanza kuja wageni wa posa. Kanzu yake ya Siku Kuu imetundikwa msumarini. Anayo moja tu, nilimshonea mimi. Nimeishika, nimeinusa. Labda ulichanganyikiwa kwa kiu, ukamkafini kwa kitu kingine. Niambie ni nini.

Na jingine. Nikiwa jikoni adhuhuri, jua kali, uani hakuna mtu, nasikia, "Mama, hodi." Si sauti ya kufananisha, ni yake. Mara ya kwanza nikaitika, "Karibu, baba." Nikatoka, hakuna kitu, kuku tu. Nikadhani ni uzee. Wiki iliyopita Siti alikuwa anachuja tui hapo karibu yangu, akaacha kukamua, akanitazama. Nikamuuliza, "Umesikia?" Akasema, "Nimesikia, Mama. Mbona anabisha kama mtu aliyesahauliwa nje?"

Mama yako,
Kazija

Kiuyu, 11 Januari 1961

Ngwali mwanangu.

Salamu. Miezi mitatu hujanijibu. Bakar wa jahazi la Wete alikuona Tanga, anasema uko hai na una miguu miwili.

Nikahi ni baada ya Ramadhani. Siti ananiambia, "Mama, naogopa kuingia nyumba ya mtu mwingine huku mwenyewe anabisha hodi."

Sikuulizi tena habari ya kanzu. Nakuuliza moja: ulimwona akifa?

Mama Jaribu

Tanga, 2 Februari 1961

Mama,

Assalaam alaykum. Naomba hali yako iwe njema, maana ninachokuandikia kitaiharibu.

Sikumwona akifa.

Siku ya tano tuliona kisiwa cha mchanga, kidogo, hata mti hakina, na mawimbi yanavunjika juu ya mwamba. Tulikuwa tunapita, na chombo hakina cha kukiongozea. Jaribu akasema, "Ngwali, naogelea na kamba. Nikifika nakuvuta." Mimi midomo ilikuwa imepasuka, ulimi umevimba, nikamwambia, "Usiniache." Akacheka, Mama. Akasema, "Nakuacha niende wapi?" Akajifunga kamba kiunoni akaruka.

Kamba ilikatika kwenye mwamba. Nilimwona akipanda mchangani kwa magoti, kisha akasimama. Mkondo ulikuwa unanipeleka. Akapunga mikono yote miwili, akaita jina langu. Palikuwa si mbali, Mama. Mtu mwenye mikono angeweza kuruka. Nilishika ubao wa mashua, sikuruka. Nilimtazama mpaka akawa mdogo kama kigingi, na bado alikuwa anapunga.

Siku ya sita likaja jahazi. Nahodha alinikalisha sitahani, akanipa kibuyu cha maji, akaniuliza, "Ulikuwa peke yako?" Kibuyu kilikuwa mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa.

Ni hilo tu. Niliogopa nikisema kuna mwingine watakiondoa kile kibuyu, wageuze chombo kwanza. Nilijiambia nitasema nikimaliza kunywa. Nikanywa, nikalala. Nilipozinduka tulikuwa tunaingia Lamu, na watu wananiita mtu wa bahati.

Baada ya hapo kila siku iliyopita ilinifunga kinywa zaidi. Nikaona afadhali nimuue kwa barua kuliko kusema nilimwacha hai. Maneno ya kuosha na kusalia niliyatia kwa ajili yako. Na yale kwamba alikutaja, niliyatunga.

Hapa bandarini sasa simwoni tena kwa mbali. Anasimama karibu, ng'ambo ya marobota, mchana kweupe. Hapungi tena mkono. Ananitazama tu, kama mtu anayesubiri jibu.

Ngwali

Kiuyu, 20 Februari 1961

Ngwali bin Duni.

Barua imefika. Nimemsomea Siti neno kwa neno, kisha nimeipeleka kwa kadhi. Nikahi imesimamishwa. Siti sasa si mjane wala si mke. Pandu amesema atangoja, lakini mama yake hataki.

Nimekaa matanga ya mtu aliyekuwa anapunga mkono.

Utakwenda kaskazini. Utauliza kila kijiji na kila chombo. Ukimkuta hai utamleta. Ukikuta mfupa utauzika. Ukikosa vyote, usiniandikie.

Kazija binti Khatib

Kaskazini ya Lamu, 4 Juni 1961

Kwa Bi Kazija binti Khatib.

Assalaam alaykum. Natumai uzima wako, na wa Siti. Niliacha kazi Tanga, nikafika Lamu, kisha nikawa napanda chombo hiki nashuka kile, wiki nane. Watu wengi walinihurumia, hakuna aliyejua lolote.

Ijumaa iliyopita nilishuka kijiji kimoja cha Wabajuni. Mzee mmoja alikuwa anashona wavu, anaitwa Othman. Nikamsalimu, nikasema natoka Pemba. Akaacha sindano, akanitazama. Akasema, "Ngwali?"

Nikakaa chini hapohapo.

Walimkuta siku ya tatu tangu nilipomwacha, walipokwenda kutafuta mayai ya kasa. Alikuwa hai. Alikuwa amejifukia mchangani kukwepa jua, na mguu umekatwa na mwamba vibaya. Mkewe Othman, Bi Mwanapili, alimlaza nyumbani kwao, chumba cha mbele, akamnywesha uji kwa kijiko. Kiu ilipona. Mguu haukupona. Ulivimba mpaka gotini, kisha pajani.

Mzee Othman aliniambia, "Mwenzako hakutupa raha. Kila asubuhi akiuliza, 'Ngwali ameonekana? Yuko mashuani, hana maji.' Tukitaka kumpeleka Lamu kwa daktari, anasema, 'Chombo kikamtafute Ngwali kwanza.' Tulitoa ngalawa mbili, siku mbili tukakutafuta. Tuliporudi, mguu ulikuwa umeshaoza."

Mama, sijui kama bado nina ruhusa ya kukuita hivyo. Ngalawa zile ndizo zingemfikisha kwa daktari.

Alikaa siku kumi na tatu. Alifariki Jumamosi, mwezi ishirini na sita Mfunguo Mosi. Nimehesabu mara nyingi. Ilikuwa tarehe ishirini na tatu Aprili. Barua niliyokuandikia kwamba nimemzika niliiandika tarehe ishirini na moja.

Ameoshwa kwa maji baridi ya kisima, na wanaume sita. Amesaliwa msikitini. Nimeliona kaburi, liko nyuma ya msikiti, wamelizungushia mawe ya pwani. Walimpa nahodha mmoja salamu za kuleta Pemba, hazikufika.

Uliniuliza zamani alisema nini mwisho. Bi Mwanapili anakumbuka: "Mama asiambiwe mguu ulivyokuwa." Nami nimekuambia, kwa sababu sitaki kukuficha tena kitu.

Barua ya kadhi ya huku, yenye mashahidi wanne, nimeiweka ndani ya hii, ili Siti awe huru. Mimi narudi Tanga, jibu litanikuta huko.

Naomba msamaha, ingawa sijui nauombea wapi.

Ngwali

Kiuyu, 12 Julai 1961

Kwa Ngwali.

Assalaam alaykum. Hali yangu ni ya mtu wa umri wangu. Siti ni mzima. Kadhi wetu ameipokea barua, amesema eda yake ilikuwa sahihi kwa hesabu zote mbili, ya siku uliyotuandikia na ya siku aliyokufa kweli. Mama yake Pandu amekuja mwenyewe kuomba radhi. Siti amesema apewe mwezi mmoja wa kumlilia mumewe kwa kweli, maana mara ya kwanza alimlilia kwa uongo. Nimemkubalia.

Bi Mwanapili nimemtumia mkeka na kanga pea moja, na barua ambayo nusu yake ni machozi. Alimlisha mwanangu kwa kijiko. Mimi ningefanya nini zaidi?

Nilidhani sauti ya adhuhuri ingekoma tukishajua kaburi liko wapi. Haijakoma. Nimeacha kutoka kuangalia. Naitika, naendelea kupika.

Umeniomba msamaha. Nikikumbuka wewe na Jaribu mmelala mkeka mmoja, miguu imepandana, moyo unalainika. Nikikumbuka kile kibuyu mdomoni mwako, nalisahau hata jina lako. Mwanangu alikwishajibu la kwake, akatoa ngalawa mbili zikutafute. Mimi si yeye.

Jahazi la Bakar litapita Tanga mwisho wa mwezi. Panda. Usitume mtu, usilete zawadi, usijitayarishie maneno. Nitakuwa Wete, pale wanaposhukia watu, nimesimama na Siti. Kama nimekusamehe au sijakusamehe, nitajua nikikuona.

Mama yako,
Kazija