Babu Arvil Stidham: Wimbo Uliokosa Mguu wa Kuumaliza

Leo ndiyo mwaka mzima, Babu, tangu ulale kati ya mistari ya maharage yako, jembe mkononi, ukagoma kuinuka. Tulitaka kukuandikia maneno matamu matupu kama familia nyingine zinavyofanya. Imeshindikana. Tumejaa kinyaa mpaka hapa kooni, na wewe hukuwahi kumpenda mtu anayemeza kinyaa chake. Kwa hiyo tulia hapo ulipo, tukusimulie.

Tuanze na yaliyo yako. Ulishuka mgodini kuchimba makaa ukiwa kijana, ukatoka huko na kikohozi na vidole vigumu kama mizizi. Lakini vidole hivyo vikishika mandolini, kile kigitaa kidogo chenye nyuzi nane, bonde zima la Caney lilikuwa linaacha sahani mezani. Na ile "chak" yako ya kukata nyuzi ghafla! Chak, chak, chak, katikati ya kila pigo. Mtu akikuuliza utapigaje bluegrass, muziki wetu wa milimani, bila ngoma, ulikuwa unamjibu, "Ngoma ni ya mtu aliyeshindwa kuhesabu."

Mgeni akija kwenye duara letu la wapigaji na hajui kitu, ulikuwa unasogea ubavuni kwake, unampa ishara ya kichwa zamu yake ikifika. Akikosea, unakosea naye makusudi. Hakuna aliyewahi kuchekwa mbele yako.

Halafu ukampata Tressie, mjukuu wako, na gitaa lake. Jamani! Nyimbo zilizokuwa zimeanza kunuka vumbi, yule binti akazipiga kama anafukuzwa na nyuki. Hakubadilisha noti hata moja ya wazee, alizipa damu tu. Wenzako wakalalamika, "Arvil, huyo binti atakuua." Ukawajibu, "Afadhali anayeniua kuliko nyinyi mnaonibembeleza nilale." Mkawa wawili tu, mandolini na gitaa, na watu wakawa wanavuka milima miwili kuja kuwasikiliza.

Kwetu anayeanzisha wimbo ndiye anayeumaliza. Wimbo unazunguka, unarudi mwanzo, unazunguka tena, mpaka mwenyewe anyooshe mguu mmoja mbele, wote wauone. Hapo ndipo mnajua mzunguko huu ni wa mwisho. Siku zote ulianzisha wewe, na mguu ulikuwa wako. Tressie hakuwahi kuinua wake hata siku moja.

Na baada ya mguu, tuseme ukweli mbele ya watu wote wanaosoma, ulikuwa unainama pembeni na kutema mate ya tumbaku kwenye kopo lako la kahawa. Ptu! Ndiyo ilikuwa nukta yako. Tulichukia lile kopo, Babu. Mchungaji Estill alilichukua siku moja akidhani ni kahawa yake, na mpaka leo hanywi kitu kwetu bila kuchungulia ndani kwanza. Bibi Ocie alikuwa anakwambia, "Arvil, nilikubali kuolewa na wewe, sikukubali kuolewa na hilo kopo." Wewe unacheka tu, meno ya kahawia.

Ulipoondoka, Tressie alijaribu nyimbo nyingine. Ila "Nguruwe wa Jirani", ule wimbo wako wa kufungia kila mkusanyiko, hakuugusa. Bibi akamuuliza kwa nini.

"Nikiuanza mimi, itabidi niumalize mimi," Tressie akasema. "Siwezi, Bibi."

Ndiyo hivyo. Karibu mwaka mzima wimbo ukakaa kwenye kasha la gitaa kama maiti isiyozikwa.

Sasa sikiliza kinyaa chenyewe. Unamkumbuka Garland, mume wa Shangazi Nelda? Yule wa mafuta ya nywele. Walimpa kazi ya kuandaa chakula cha pamoja kwenye ukumbi wa zimamoto, Jumapili ya kupamba makaburi. Wiki moja kabla akaja nyumbani mbio, anahema, kompyuta kwapani.

"Nimemrudisha baba mkwe!" akasema.

Alikuwa amechukua video ya simu, ile mliyopiga kibarazani wewe na Tressie, "Nguruwe wa Jirani" mwanzo mpaka mwisho. Kwa ufundi wake akafuta gitaa la Tressie lote, ukabaki peke yako. Eti utawekwa kwenye skrini kubwa, na Tressie atapiga gitaa mbele yako, laivu. Wawili wale wale, pamoja tena! Akabonyeza. Tressie akasikiliza kidogo, uso ukamkunjamana.

"Hiyo inayopiga tuf tuf ni nini?"

"Ngoma. Nimeongeza. Vijana watapenda."

"Kijana ni mimi, Mjomba."

"Ah, wewe wa kizamani bwana!"

Tressie akatoka nje akauinamia uzio kama anataka kutapika. Asingekubali kamwe. Ila jioni ile Bibi Ocie alikuwa jikoni anavunja maharage mabichi kwenye beseni, akasema bila kuinua macho, "Nataka nimwone akitembeza vidole. Mara moja tu. Halafu mkaivunje hiyo televisheni mkitaka."

Utamkatalia nani hilo? Tressie akakubali, mdomo umemkauka kama aliyelamba sabuni.

Jumapili ikafika. Asubuhi tulifagia kaburi lako, tukakupa maua ya kweli. Mchana ukumbini: maharage na nyama ya nguruwe, mkate wa mahindi, kachumbari ya kabichi ya Shangazi Nelda inayowasha pua. Na mbele, skrini kubwa kama mlango wa gari la zimamoto. Ukatokea humo. Babu, uso wako ulikuwa mkubwa kuliko ng'ombe! Tukaona mpaka vinyweleo vya puani. Na chini yake, kama pambo, Garland ameweka kopo lako, limejazwa maua ya plastiki.

Bibi akalitazama. "Mmeliosha?"

"Kwa dawa kabisa, Mama!" Garland akajibu kwa fahari.

"Mpumbavu," Bibi akasema, akakaa.

Ukaanza. Tressie akaingia na gitaa. Mzunguko wa kwanza watu wakapiga makofi, Bibi ameshika shavu, macho hayakutoki. Lakini Tressie alikuwa anageuka kukutafuta, kama zamani, ule mtazamo wako wa pembeni unaosema "kimbia, nipo." Skrini haikumtazama. Akipunguza mwendo, wewe unaenda. Akiongeza, wewe unaenda vile vile, na lile tuf tuf linakusukuma mgongoni. Ulikuwa unapiga na mtu mwingine aliyefutwa, na huyo mtu ni yeye mwenyewe.

Wimbo ukazunguka. Ukazunguka tena. Watu wakaacha makofi. Wengine wakarudi kwenye maharage. Tressie anashuka na macho kwenye skrini kutafuta mguu, anakuta picha imeishia kwenye mkanda wa suruali. Jasho linamtiririka, kidole gumba kimekakamaa. Na kuuacha wimbo katikati haachi, si umemlea wewe?

Akapiga kelele huku anapiga gitaa, "Mjomba, mguu uko wapi?"

"Nimeukata!" Garland akajibu kutoka kwenye mashine, anachekelea. "Si pale mwisho alikuwa anatema mate? Mbele ya watu, aibu! Nimeunganisha mwisho na mwanzo. Hauishi huo, piga tu!"

Ukumbi mzima ukafanya "aaagh", kama watu waliouma kitu kilichooza. Uelewe, Babu. Walikufanya mtu anayezunguka milele, anapiga na hapumziki. Hata punda wa mgodini alikuwa anafunguliwa jioni.

Bibi Ocie akainuka. Akatembea mpaka ukutani na viatu vyake vya kanisani, akashika waya, akachomoa plagi. Ukazimika mdomo wazi.

"Huyo si Arvil," akasema. "Arvil alikuwa anamaliza."

"Lakini Mama, ulisema unataka kumwona..."

"Nimemwona. Nimeshiba. Nimemzika mara moja, Garland, usinizikishe mara ya pili na hayo matuf tuf yako." Akachukua kopo, akamwaga maua ya plastiki juu ya sahani ya Garland. "Nelda, niletee mandolini, iko kwenye gari. Tressie, twende kwake."

Tukapanda kilimani wote, wengine na sahani mikononi. Pale kaburini Bibi akakalia kiti cha kukunja, kopo miguuni, mandolini yako kifuani. Kumbe anajua! Anajua chak moja tu, uliyomfundisha enzi za uchumba, na hakumwambia mtu.

"Anzisha," akamwambia Tressie.

"Bibi..."

"Anzisha, binti, magoti yananiuma."

Tressie akaanzisha. Kwanza polepole, kama anayejaribu maji kwa kidole. Kisha chak ya Bibi ikamkuta, mbovu mbovu lakini inasikiliza, na nyuki wakarudi. Babu, ungeruka humo ndani! Akipunguza, Bibi anapunguza. Akikimbia, Bibi anamkimbilia huku anatukana kimoyomoyo. Wimbo ukazunguka, na sisi sote macho chini, kwenye viatu vya Tressie.

Akazunguka sana. Tukajua haogopi kuupiga, anaogopa kuumaliza.

"Vidole vyangu vinawaka moto," Bibi akasema, hakuacha kupiga. "Babu yako hakuniambia kazi hii ni ya punda. Mwache apumzike, mama. Na mimi niache nipumzike."

Tressie akawa analia na kucheka kwa pamoja, kamasi mpaka mdomoni, uso haufai kutazamwa. Na akanyoosha mguu. Wa kulia, buti lina udongo wa kaburi lako. Wakamaliza pamoja, tap, kama mlango uliofungwa vizuri.

Hakuna aliyepiga makofi. Kulikuwa na kitu bado kinakosekana, kila mtu anakijua na hakuna anayethubutu.

Bibi Ocie akainama pembeni, akalisogeza kopo.

Ptu!

Akajifuta mdomo kwa kitambaa, uso umemkunjamana kwa kinyaa. "Mungu wangu, tabia gani hii," akasema. "Haya. Sasa umeisha."

Pumzika, Babu. Anayekukumbuka kuliko wote ni mkeo Ocie. Unakumbukwa na binti yako Nelda, na Tressie, anayeanzisha nyimbo mwenyewe siku hizi, na wajukuu wote wa bonde la Caney. Pia Garland, ambaye tumemsamehe nusu. Tunakukumbuka leo na tutakukumbuka mpaka nasi tunyooshe mguu. Kopo lako limerudi kibarazani, mahali pake, na ni marufuku mtu kuliosha.