Kiti cha Robi

Mjukuu wangu Boke,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Kisaka tupo. Mama yako anapalilia mtama, ng'ombe mwekundu amezaa, miguu yangu ndiyo imegoma.

Unauliza upike nini siku mtakapowapeleka wagonjwa wa kikundi chenu kula kando ya ziwa. Upishi wao siujui, Boke. Ninalolijua ni kosa langu.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, sisi wanawake tuliandaa chakula mtoni kwa watu waliougua muda mrefu, angalau siku moja watoke ndani. Jirani yangu Robi alikuwa na pumu. Kupokea wageni ilikuwa kazi yangu. Nzi walikuwa wengi, nikawasha mavi makavu ya ng'ombe kama tunavyofanya zizini, moshi ukawafukuza. Robi akaenda kukaa mbali, peke yake.

Nikaona aibu. "Mgeni wangu hakai pembeni," nikamwambia. Nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye kigoda cha heshima, karibu kabisa na moshi, pasipo na nzi.

Angeweza kukataa. Hakutaka kuniaibisha mbele za watu.

Mengine siandiki. Tulipokuwa tunambeba, pumzi zinamkatika, alinivuta kanga akasema, "Ghati, nisamehe. Nimekuharibia shughuli."

Nimezeeka na neno hilo. Wa kuomba msamaha nilikuwa mimi, na Robi hakuiona jioni ya siku hiyo.

Wageni wako wakija, atakayesogea kando usimvute. Beba kiti chako umfuate.

Bibi yako,
Ghati