Kipande cha Mama

Shinyanga Mjini,
Jumapili, baada ya misa

Kwako Baba mpendwa, Mzee Mwigulu,

Shikamoo, Baba. Au nikuamkie kwa Kisukuma chetu, mwangaluka, ingawa najua utaicheka lafudhi yangu ya mjini. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, miguu haikusumbui na wateja hawajakuchosha. Vipi mpunga wa bondeni, umepata maji au bado mnatazama mawingu? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi sijambo. Mama naye anakula, anatembea uani, na juzi alimgombeza jirani yangu kwa kufua nguo vibaya, kwa hiyo ujue hali yake si ya kukutia hofu.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani tangu ulipotuacha hapa ukarudi Kharumwa. Deusdedit, utingo wa basi la Kahama, ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Najua kwa nini umezima simu. Siku mliyofika maabara nikafungua kopo mlilopewa kwenye kituo cha afya, nikakuta kipande kilichokatwa kwenye titi la Mama kimeanza kuoza na dawa haipo hata tone. Kaka Bujiku, aliyekuwa ametoka machimboni kuja kuwapokea, alikutolea maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Alisema umeimwaga makusudi, kwamba mganga mfumu aliyezoea kupasua kuku na kuwasoma hawezi kuvumilia nyama isomwe na mtu mwingine. Ulichukua kofia yako ukaondoka, hata chai hukunywa. Nililia siku ile. Nilimkasirikia Bujiku, na kusema kweli nilikukasirikia na wewe pia.

Sasa naomba unipe nafasi nikueleze kazi yangu, maana nyumbani wote mnasema Ritha anapima damu. Sipimi damu, Baba. Mimi niko chumba cha tishu. Kipande cha mwili kikishakatwa huanza kujila chenyewe, na ile dawa kali, formalini, ndiyo hukishika kibaki vilevile kilivyokuwa mwilini. Nakigandisha ndani ya nta, nakikata kwa mashine kiwe chembamba kuliko ganda la kitunguu, nakilaza juu ya kioo, kisha nakitia rangi. Viini vya seli vinageuka zambarau, na vinavyovizunguka vinakuwa vya waridi. Bila rangi huoni chochote, na bila ile dawa hakuna cha kutia rangi.

Wewe ukipasua kuku unatazama ini, unatazama bawa, unajua kila kitu kilipopaswa kukaa. Nilikuwa nachungulia begani kwako nikiwa mdogo, ukinifukuza narudi. Na mimi sasa nafanya kazi ya kuchungulia, ila nimeshuka chini zaidi. Msuli ukiuona kwenye hadubini ni nyuzi ndefu zilizolala upande mmoja, kwa sababu kazi yake ni kuvuta. Utumbo umejaa mikunjo midogo, ili chakula kipate mahali pengi pa kuingilia mwilini. Mafuta ni vyumba vikubwa vyeupe, ghala tupu. Daktari Philomena, ambaye ndiye msomaji wetu, husema tishu haifichi kazi yake, ukiona ilivyopangwa umeshaijua.

Unisamehe kutaja haya kwa baba mzazi, lakini kwetu kazini hakuna majina ya kificho. Titi lina vijifereji vya maziwa. Ndani ya kila kijifereji seli zimejipanga safu, na zimeketi juu ya utando mwembamba sana unaozitenga na mwili uliobaki. Naomba uukumbuke utando huo, maana uhai wa Mama umekaa hapo.

Baada ya kipande cha kwanza kuharibika, Mama alikataa kukatwa tena. Aligeukia ukutani, akasema watu wamwache na uvimbe wake. Daktari Philomena mwenyewe alikuja akaketi kitandani kwake, akamweleza kwamba nyama iliyooza haisemi heri wala shari, na yeye habahatishi kwa mwili wa mtu. Mama akakubali kwa sharti moja, kwamba kipande kitoke mkononi mwa daktari wa upasuaji kiingie mkononi mwangu. Nikasimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji na kopo langu limejaa dawa hadi juu. Nilikikata mwenyewe, nikakitia rangi mwenyewe. Wenzangu walitaka kunipokea, nikawakatalia kwa ukali kidogo.

Daktari aliponiita nichungulie, niliinamia hadubini. Vijifereji vilikuwa vimejaa seli zilizobanana, viini vyake vikubwa, vyeusi, havina safu wala adabu. Nikajua. Akaniambia nisiishie katikati, nitazame pembeni. Nikafuata ukingo wa kijifereji kimoja, kisha kingine, na kingine tena. Utando ulikuwa mzima, Baba, mzima kuzunguka kote. Alisema hii ni saratani na jina lake lisifichwe, ila ni saratani ambayo bado haijapata njia ya kutoka. Titi likiondolewa sasa, tumaini la kupona ni kubwa sana. Hakusema hakika, maana yeye si mtu wa kusema hakika, lakini nilimwona akitabasamu, na hilo ni nadra.

Mama aliomba naye atazame, akaruhusiwa. Alikaa muda mrefu na jicho lake kwenye hadubini, kisha akasema rangi zile zinafaa kitenge cha Pasaka. Sote tukacheka. Halafu akauliza seli mbaya ni zipi, nikamwonyesha, akarudisha jicho kwenye hadubini.

Upasuaji umepangwa Alhamisi. Lakini kila tulipomletea karatasi ya kukubali, aliisogeza pembeni. Nilidhani anaogopa kisu. Nikadhani tena anafikiria wateja wako, watakavyosema mfumu ameshindwa kumponya mkewe. Alisema si hayo. Jana mchana tukichambua mchele ndipo alipoliondoa moyoni, na amenituma nikuandikie bila kupunguza neno.

Dawa aliimwaga yeye.

Mlipoteremka stendi ya Kahama, ulipokwenda kuulizia basi la Shinyanga, alifungua kopo akamwaga yote chini. Si kwamba alitaka kuharibu. Anasema miaka yote ya ndoa yenu amekusikia ukiwafokea watu wanaoosha kuku kabla hujasoma, kwamba nyama ikishamwagiwa kitu haisemi kweli tena. Akaona nyama yake imelala ndani ya sumu inayochoma macho, akahofu itamsingizia. Akakifuta kipande kwa pindo la khanga, akakirudisha, akafunga. Alitaka kisomwe kwa haki. Bujiku alipoanza kufoka, Mama alifungua kinywa na sauti haikutoka. Anasema wewe ulimtazama mara moja tu, kisha ukaangalia chini. Anaamini ulijua, kwa sababu khanga yake ilinuka ile dawa njia nzima na ulikuwa umeketi ubavuni mwake.

Kama ni kweli ulijua, Baba, sina la kukuambia ila nakupenda. Jambo hilo limemtafuna Mama kuliko uvimbe wenyewe. Bujiku nimemweleza asubuhi ya leo. Kwanza alikata simu, baadaye akapiga akilia, akasema atakuja kwako kukupigia magoti kabla hajashuka tena shimoni. Mpokee, hata kama utamsubirisha mlangoni kidogo.

Nisalimie shangazi Paskazia na wanawe, na majirani wote wanaotuuliza. Mama anaomba michembe ya viazi vyetu vikavu, anasema viazi vya huku havina ladha. Chumba changu ni kidogo lakini mkeka upo, na ukitaka kuchungulia hadubini, Daktari Philomena amesema mlango uko wazi kwa mtu anayejua kutazama.

Nilipofika hapa katika kuandika, nimemsomea Mama barua yote, kwa sababu hakutaka niipambe. Alipolisikia lile neno kwamba dawa aliimwaga yeye, aliniomba nilirudie, nikalirudia. Akaomba kalamu. Nilidhani anataka kuongeza salamu zake, kumbe ameivuta ile karatasi ya upasuaji akaitia sahihi, polepole, jina lake lote.

Kisha ameniambia niandike hivi: Baba Bujiku, Alhamisi naingia. Msamaha usimpe Deusdedit aniletee. Njoo nao mwenyewe, nikifumbua macho niuone.

Ni mimi binti yako,
Ritha