Dume Likihasiwa Ukubwani

Tarehe 3 Februari

Kaka Fundi,

Shikamoo. Habari ya cherehani, na habari ya shemeji na watoto? Desturi inanitaka niandike kwamba huku sote ni wazima. Shemeji yako mzima, binti mzima, ng'ombe wazima. Mimi ndiye mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ni ule ule wako.

Nilikwenda hospitali kwa sababu ya mkojo. Nilikuwa nasimama chooni mpaka miguu inachoka, halafu yanatoka matone. Wakapima damu, wakakata vinyama vya tezi wakavipima, wakaniita: saratani ya tezi dume, na imeshaanza kutoka nje ya tezi. Daktari, kijana mpole, akaniambia ugonjwa huu unalishwa na homoni za kiume, kwa hiyo dawa ni kuunyima chakula. Kuna sindano, lakini hapa kwetu leo zipo, kesho hazipo. Au wanatoa korodani zote mbili, siku moja, basi. Anataka jibu upesi.

Kaka, kazi yangu unaijua. Mimi ni bwana mifugo. Nimehasi madume tangu sijaota ndevu vizuri. Najua dume likishabanwa na koleo linakuwaje: linanenepa, linapoa, likipitiwa na jike linatazama nyasi. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia wenye ng'ombe, "Subiri uone, hata mtoto atalivuta kwa kamba." Sasa zamu yangu.

Halafu kuna shemeji yako. Bado kijana, na tuna binti mmoja tu. Mwanamke wa umri ule anataka mtoto mwingine. Sijamwambia kitu. Nimemwambia ni mkojo tu, nimepewa vidonge.

Wewe umekatwa huu mwaka wa nne, na kila tukionana unaongea habari za vitambaa. Niambie ukweli, na uniambie kwa barua, maana nyumba yangu kuta zina masikio. Inakuwaje?

Mdogo wako

*

Tarehe 15 Februari

Mdogo wangu, Bwana Mifugo,

Marahaba. Barua yako niliisoma dukani, nikafunga mlango, nikaisoma tena. Pole sana. Mke wangu hajambo, watoto hawajambo, cherehani inasumbua mkanda tu.

Umetaka ukweli. Mimi ni fundi nguo, basi nitakwambia kama ninavyompima mteja, naanzia juu.

Kichwa kinasahau. Jina la mteja linanipotea akiwa amesimama mbele yangu, namwita "mzee" huku nasubiri alitaje mwenyewe. Machozi nayo yako karibu mno. Juzi mama mmoja alileta sare ya mwanawe tushushe pindo, nikalia. Pindo tu, jamani! Akadhani nimefiwa, akanipa pole, nami nikaipokea.

Joto ndilo linalosumbua kuliko yote. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, jasho linamwagika, kisha nasikia baridi. Likinikuta napiga pasi natoka uani nasimama kama mtu aliyesahau kitu. Mke wangu alipokoma hedhi nilimcheka sana. Sasa tunagombea feni moja.

Kifuani nimeota matiti. Madogo, lakini yapo, na yakiguswa yanauma. Nimejishonea mashati ya kitambaa kizito yenye mifuko miwili, hakuna aliyegundua. Suruali zangu zote nimezitia kipande nyuma, kiuno kimekataa. Mkasi mkubwa unanichosha kabla sijamaliza suti moja. Vinyweleo vya miguu vimepukutika. Mifupa nayo inakonda. Mwaka jana niliteleza bafuni, kifundo cha mkono kikavunjika kirahisi tu. Siku hizi natembea kila asubuhi na kunywa maziwa kama ndama, utafurahi kusikia.

Huko chini unakotaka kujua na huulizi: hakuna kitu. Wala si kwamba nataka nashindwa. Sitaki. Mteja mrembo akiingia namwona kama kazi, nyonga pana, mgongo mfupi. Mwanzoni nilimwogopa mke wangu kuliko ugonjwa. Alijua nimekatwa, hakujua kwamba na hamu imekwenda nayo. Tukawa tunalala tumepeana migongo, mimi nadhani ananidharau, yeye anadhani simtaki tena. Ilibidi siku moja nimweleze kila kitu, na aibu yangu yote. Alilia, mimi nikalia zaidi yake. Siku hizi tunalala tumeshikana mikono tunasengenya majirani. Kuna siku jambo hili linanikera sana, kuna siku silikumbuki.

Umeuliza, nimejibu. Nenda kakatwe.

Kaka yako

*

Tarehe 20 Mei

Kaka Fundi,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Natumai mkono umepona, na shemeji amekuachia feni. Sisi tunaendelea.

Sijakwenda. Usinifokee kabla hujamaliza kusoma. Barua yako niliisoma zizini, nikakaa na madume mpaka jioni. Ukweli wako umenitisha kuliko daktari. Matiti, kaka! Mimi navua shati kila siku mbele ya vijana wa zizi, wenye midomo kama unavyowajua.

Nimefikiri kwa akili ya kazi yangu. Dume likihasiwa dogo linakuwa maksai kamili, shingo nyembamba, sura ya kike. Likihasiwa ukubwani linabaki na shingo yake, na ubishi kidogo, na hata kupanda linajaribu. Kila mfugaji anajua: kadiri unavyochelewa, ndivyo linavyobaki dume. Basi na mimi nikingoja mwaka mmoja, nguvu zitakuwa zimekolea mwilini, hazitatoka zote. Nitabaki na kitu. Na katika mwaka huo shemeji yako atashika mimba, nitakuwa nimemlipa haki yake. Baada ya hapo wanikate wanavyotaka.

Mkojo ni ule ule. Mgongo unaniuma siku hizi, chini kiunoni, hasa nikilala. Ndama mmoja alinisukumia ukutani, nadhani ni hilo. Nakwambia mapema usije ukasikia kwa watu.

Mdogo wako

*

Tarehe 27 Mei

Wewe,

Salamu utazikuta mwisho.

Madume yako yalihasiwa yakiwa mazima. Wewe una saratani. Hizo nguvu unazosema zinakolea ndizo zinazoilisha kila siku. Hapo huhifadhi uanaume, unafuga ugonjwa, na unaulisha vizuri. Nilikujua mkaidi tangu unanyonya, lakini ujinga huu umeutoa wapi?

Mgongo usimsingizie ndama. Saratani hii inapenda mifupa, na uti wa mgongo ndiyo njia yake. Mimi niliambiwa siku ya kwanza kabisa: maumivu yakizidi ukilala, miguu ikianza ganzi, usingoje kesho. Ukimaliza kusoma hapa vaa viatu uende.

Na mkeo mwambie. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na usiniambie umeficha kwa ajili yake.

Sasa lipo jambo ambalo sikuliandika. Kipimo changu cha damu kimeanza kupanda tena tangu mwishoni mwa mwaka jana. Daktari alinieleza zamani kwamba kukatwa kunaulaza ugonjwa, hakuuui. Unafika wakati unajifunza kuishi bila kulishwa. Nimeanza dawa nyingine, huenda zikanikubali. Nilikuficha kwa sababu nilijua utasema, sasa faida gani?

Faida hii hapa. Nilipokatwa nilikuwa siwezi kukalia kiti cha cherehani kwa maumivu ya nyonga. Hazikupita siku nyingi nikakaa. Tangu hapo nimemwozesha binti, na gauni nimelishona mimi. Nimegombana na mwenye duka nikamshinda. Nimekula, nimelala, nimechoshwa na wateja wanaoacha nguo zao mwaka mzima halafu wanakuja mbio asubuhi ya harusi. Ungeniuliza kama nilikuwa mwanamume katika miaka hiyo, sijui nikujibu nini. Nilikuwepo, hilo najua, na nataka na wewe uwepo.

Nakupenda, mdogo wangu, na nimekukasirikia mpaka nimejichoma na pasi. Mke wangu anakusalimu. Nimemwambia kila kitu.

Kaka yako

*

Tarehe 2 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Naandika nikiwa kitandani wodini, sinia la chakula ndiyo meza yangu. Natumai dawa mpya zimekukubali. Niandikie zinavyokwenda, usininyamazie kama nilivyokunyamazia mimi.

Barua yako ilifika Ijumaa moja mwanzoni mwa Juni. Nikaamua Jumatatu nitakwenda. Jumapili niliingia zizini kuchanja, miguu ikaniacha. Nilianguka katikati ya ng'ombe akili yangu timamu, naiamuru miguu inyanyuke, haisikii. Ng'ombe wakanizunguka bila kunikanyaga, wana adabu kuliko nilivyodhani. Vijana waling'oa ubao wa mlango wa zizi wakanibeba juu yake.

Uvimbe ulikuwa umebana uti wa mgongo. Walinikata korodani siku ile ile, kisha wakanipiga mionzi ya mgongo. Mguu wa kulia umerudi, nautingisha hata sasa. Wa kushoto daktari anaugonga na kinyundo, ananiangalia, anaongea mambo mengine. Maumivu ya mgongo yamepungua sana, ulisema kweli. Joto limeanza, nalo ulisema kweli. Nalia ovyo. Jana nimelia kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha pili ameletewa soksi.

Shemeji yako aliambiwa na daktari, mlangoni kwa chumba cha upasuaji. Siku mbili aliniosha na kunigeuza. Siku ya tatu nikaona bora nijieleze. Nikamwambia nilichelewa kwa ajili yake, nilitaka nimpe mtoto wa pili kwanza, nisimdhulumu.

Akaacha kitambaa ndani ya beseni. "Nani alikwambia nataka mtoto mwingine?"

Nikasema kila mwanamke wa umri wake anataka.

"Sikuulizi habari za kila mwanamke. Mimi nilikwambia lini?"

Nimetafuta kichwani, kaka, sikupata. Hakuwahi kusema. Kumbe alipomzaa binti aliteseka mno, akaona basi. Akaenda kliniki akawekewa kijiti cha uzazi wa mpango kwenye mkono. Kikiisha muda anakwenda kubadilisha. Hakunificha, alidhani najua, maana mkono huo ndio ninaoulalia kila siku. Na mimi kazi yangu ni kuingiza mkono ndani ya ng'ombe wa watu na kuwaambia kama kuna mimba au hakuna.

Akauchukua mkono wangu akauweka hapo penye kijiti. Kipo, chembamba, chini ya ngozi. Kisha akakamua kitambaa akaendelea kuniosha mguu wa kushoto, taratibu, akijua kabisa kwamba siusikii.

Mdogo wako