Majeneza Kumi na Moja ya Msaada

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimewakomesha watu wa kodi! Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayetujazia mafundi fomu za kodi, kaniuliza: Mjomba, mwaka jana ulitoa msaada wowote? Unapunguziwa kodi. Msaada! Mimi! Nani asiyejua kuwa maiti wasio na ndugu pale hospitali wanazikwa kwa majeneza yangu? Mbao ngumu tupu — ukilala humo hutaki kufufuliwa. Mangapi, Mjomba? Ishirini. Kanitazama. Ishirini kweli? Nikamwambia, nilikuvusha mto mgongoni ukiwa mtoto, mamba wawili wakatupisha, leo nikudanganye? Kaandika, katia sahihi yake.
Yalikuwa tisa. Lakini makubwa! Na nani atafukua ahesabu?

Jumatano, 12 Juni
Ofisi ya kodi imempigia mhudumu wa mochwari. Yule naye mdomo hauna breki! Kawaambia mwaka jana maiti wasio na ndugu walikuwa tisa tu. Yaani nimetoa majeneza mengi kuliko wafu!
Mpwa hakunifokea. Bora angefoka. Kasema polepole tu: Mjomba, wakiona uongo nanyang'anywa leseni, na watoto wangu wanakula hapo hapo. Nikamjibu, uongo gani? Mengine kumi na moja yapo hapa karakanani, tangu mwaka jana, yanasubiri wenyewe. Sijui nani aliutuma mdomo wangu. Akashusha pumzi — basi afadhali, Jumatatu nawaleta wayaone.
Hapa karakanani pana stuli mbili na kabati bovu.

Jumapili, 16 Juni
Randa, msumari, randa. Mbao za mkopo. Vidole havikunjiki. Majirani wameona majeneza yamejaa uani, wakaja na khanga begani kutupa pole. Kuna ajali? Mke wangu kawajibu: ndiyo, ajali ya mdomo wa mume wangu.
Wamecheka mpaka wakakaa chini. Mimi nikacheka pia, ili hofu yangu isionekane.
La mwisho limepakwa vanishi jioni hii. Mvua ikaanza. Vanishi isipokauka je!

Jumatatu, 17 Juni
Wamekuja. Afisa kijana, shati jeupe, mpole — wapole ndio wabaya. Kahesabu, kumi na moja. Kasifia kazi. Mpwa akatabasamu, mara ya kwanza wiki hii. Hapo ningenyamaza! Nikaongeza: haya nayafuta vumbi kila asubuhi, mheshimiwa, tangu mwaka jana.
Afisa akaweka kiganja juu ya kifuniko. Kikanata kwenye vanishi. Alipokivuta kikalia kama plasta ikibanduliwa.
Nikasema naleta kitambaa na mafuta ya taa.
Niko stoo, naandika juu ya goti. Nawasikia. Afisa anamuuliza mpwa wangu: dada, wewe haya uliyaona mwaka jana?
Kitambaa ninacho. Miguu ndiyo haitaki kutoka. Sasa mpwa ananiita — Mjomba! Mjomba, njoo umjibu mwenyewe —